Hesabu na Mfupa Uliovunjika

Mara nyingi hapa Gatete husikika mwanafunzi akiuliza, "Hesabu hizi za nguvu na mizigo zitatufaa nini?" Nataka kumjibu kwa habari ya mfupa.

Sisi tukaao ufukoni mwa Tanganyika twaijua sana habari hii. Mmoja huanguka juu ya mchikichi akikata mikungu, mwingine hupinduka na pikipiki katika barabara ya Bujumbura. Mfupa ukivunjika kwa kawaida, mwili huuunga wenyewe: damu huganda, kisha huota gegedu, na mwishowe mfupa. Lakini kipande kikubwa kikipotea, pengo halizibiki. Hapo madaktari waweza kutia kiunzi, yaani kitu chenye vitundu vidogo sana, mara nyingi cha madini ya kalsiamu na fosfeti. Kazi yake ni kama jukwaa la mwashi: mfupa mpya hupanda humo, nacho huyeyuka kidogo kidogo.

Ugumu uko hapa. Kiunzi kikiyeyuka upesi, mfupa mchanga huvunjika. Kikiwa kigumu mno, hubeba mzigo wote, na mfupa hukaa bure ukadhoofika; maana Julius Wolff, daktari wa Ujerumani, aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kwa kadiri ya mzigo wake. Tena Stephan Perren wa Uswisi alifundisha kwamba mfupa huvumilia kunyooshwa kiasi cha 2 tu katika 100, na gegedu 10 katika 100. Pengo likichezacheza kupita hapo, mfupa hauoti.

Je, nani atajaribu viunzi mia katika mguu wa mtu mmoja? Ndiyo sababu wataalamu hutumia kompyuta. Huigawa picha ya mfupa katika vipande maelfu, hupiga hesabu ya nguvu inayokipata kila kipande, kisha hukadiria siku kwa siku wapi patakuwa gegedu na wapi mfupa. Mwaka 1997 Patrick Prendergast wa Dublin na wenzake walitoa kanuni ya hesabu hizo ambayo ilifuatwa na wengi.

Wako wasemao kwamba kazi hiyo ni ya Wazungu. Mimi sikubali, kwa sababu mbili. Kwanza, sheria ni ile ile katika banzi la mganga wetu wa mifupa: likilegea, mfupa hauungi. Pili, kompyuta hujibu kwa vipimo ilivyopewa tu. Mgonjwa wa Ulaya atembeaye juu ya sakafu si sawa na mama apandaye mlima na kikapu cha mihogo, wala si sawa na mvuvi asukumaye mtumbwi mchangani. Tusipopima mizigo yetu, mguu wetu utapigiwa hesabu ya mguu wa mwingine.

Basi, enyi wanafunzi wa zamani mlio madaktari na wauguzi, andikeni: siku mgonjwa alipovunjika, uzito wake, kazi yake, na siku alipoanza kukanyaga chini. Daftari moja si gharama kubwa. Nanyi wenzangu mlio darasani, msizikimbie hesabu. Kompyuta haiungi mfupa, lakini yaweza kumwonyesha daktari kosa kabla hajashika kisu. Haba na haba hujaza kibaba.