Mtandio Wake Tumeuona, Kazi Yake Je?



Kila mwanamke wa Kiislamu anapochaguliwa huko Marekani, picha yake hutufikia kwenye simu kabla ya jioni. Tunasambaza, tunaandika mashaallah, tunaulizana mtandio kaufunga vipi. Baada ya hapo kimya. Kazi aliyotumwa kuifanya hatuiulizi. Leo tuiulize.

Tumchukue Zaynab Mohamed. Amezaliwa Somalia, akahamia Marekani akiwa mtoto, na Novemba 2022, akiwa na miaka 25, alichaguliwa kuingia Seneti ya jimbo la Minnesota. Tusichanganye: kila jimbo la Marekani lina baraza lake la kutunga sheria, mbali na Bunge la taifa lililoko Washington. Huko ndiko zinakotungwa sheria za shule, barabara, kazi na familia.

Kikao chake cha kwanza kilianza tarehe 3 Januari 2023 na kumalizika tarehe 22 Mei. Seneti hiyo ina viti 67. Chama chake kilikuwa na viti 34, wapinzani 33, na mswada haupiti mpaka upate kura 34. Maana yake, wapinzani wakikataa wote, mmoja wa upande wake akiugua au akichoka, mswada umekwama. Na Ramadhani ya mwaka huo iliangukia katikati ya kikao, wakati kamati zinakimbizana na bajeti. Sisi tunaofunga huku tukipika futari tunajua mchana wa saumu unavyokuwa mrefu. Tuupime na mchana wa mtu ambaye kiti chake kikiwa kitupu, sheria inaanguka.

Alifanya nini basi? Yeye ndiye aliyeubeba katika Seneti mswada wa kumruhusu mkaazi wa Minnesota kupata leseni ya udereva bila kuulizwa karatasi za uhamiaji. Gavana aliutia saini tarehe 7 Machi 2023, na sheria ikaanza kazi Oktoba mwaka huo. Kwa mama anayepeleka watoto shule na moyo unamdunda kila akiona gari la polisi, hilo si jambo dogo. Kikao hichohicho kilipitisha chakula cha asubuhi na cha mchana bila malipo kwa wanafunzi, na likizo ya uzazi yenye malipo itakayofika wiki 12, kuanzia Januari 2026. Sisi tuliolelewa na arobaini ya uzazi, mama analala, anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, huenda tukashangaa kusikia kuwa sheria ya taifa ya Marekani, tangu 1993, inatoa wiki 12 hizo bila mshahara. Mzazi asiye na akiba hurudi kazini kabla arobaini haijatimia.

Lakini hatutaki kusifu upande mmoja tu. Januari ya mwaka huohuo, Seneti hiyo ilipitisha kwa kura 34 dhidi ya 33 sheria ya kulinda haki ya kutoa mimba, na upande wake wote ulipiga kura ya ndiyo. Katika hilo sisi hatuko pamoja naye, na tunalisema wazi. Tunalolikataa ni ile tabia ya kumfanya mwanamke wa Kiislamu malaika siku ya kuapishwa, kisha kumtupa siku anapotuudhi. Mwanamme wa siasa tunamhoji kwa kura zake, moja baada ya moja. Dada yetu naye tumpe haki hiyohiyo: pongezi penye wema, nasaha penye makosa, na adabu pote pawili. Mtandio haumpi kinga, wala haumwongezei dhambi.

Wako watakaosema mambo ya uongozi si ya mwanamke. Tuwakumbushe Hudaybiyya. Masahaba walipokuwa wazito kutekeleza amri kwa uchungu wa mkataba, aliyetoa shauri lililofungua njia ni Bi Ummu Salama, radhi za Allah ziwe juu yake. Mtume, rehma na amani zimfikie, alilisikiliza na kulifuata. Hakuna aliyemwambia arudi akatazame chungu.

Biharusi, usidhani haya ni ya Minnesota tu. Hapa kwetu Zanzibar, Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 ilipitishwa na Baraza la Wawakilishi, na inampa kadhi mamlaka ya kuangalia mchango wa mume na wa mke katika mali walizochuma. Maneno hayo yalijadiliwa na watu waliokaa vitini kwa niaba yako. Wewe umekaa unapakwa hina na kusingwa, somo anakufunza mambo ya nyumba, na ni vyema. Lakini nyumba hiyo ina sheria zake, na kuna walioziandika.

Kwa hivyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, mjue mwakilishi wako, awe mwanamke au mwanamme, na umuulize maswali matatu: yuko kamati gani, mswada gani ameusemea, na kura yake ilikwenda wapi. Pili, kabla ya ndoa, pamoja na mahari na pa kukaa, zungumza na mchumba wako kuhusu kazi ya umma. Ukija kuitwa kuwatumikia watu, atakuwa tayari kuwalaza watoto usiku wa kikao? Jibu lake ulijue kabla ya kadhi kufika, si baada ya fungate.

Amana ni nzito kwa anayeibeba, na kwa anayeikabidhi pia. Allah awape wanaotuwakilisha uadilifu, na sisi atupe ujasiri wa kuwauliza. Amin.