Tuache Kupuliza Vumbi la Breki

Simama dakika kumi tu kwenye gereji ya mtaani. Gari liko juu ya jeki, tairi limetolewa, drumu imegongwa nyundo mpaka ikaachia. Ndani kumejaa unga mweusi. Fundi anavuta mpira wa kompresa, anapuliza, wingu linatimka. Kijana anayejifunza kazi amechuchumaa palepale, spana mkononi, puani hana hata kitambaa. Hatua chache mbele, mama lishe anafunua sufuria ya wali.

Tunasema bila kumung'unya maneno: mtindo huu unaua, tena unaua polepole.

Unga ule ni pedi na liningi zinazosagika kila dereva anapokanyaga breki. Chembe zake nyingine ni ndogo mno, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Balaa huzidi liningi ikiwa na asbesto, madini yaliyopendwa na viwanda kwa kustahimili joto. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Maradhi hayo huweza kujificha miaka 20, hata 40. Kijana wa leo ataugua uzeeni, na hakuna atakayeikumbuka kompresa.

Wenzetu hawakusubiri. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku asbesto mwaka 2005, na kanuni zake mpya za uchafuzi wa magari, Euro 7, zimeweka kikomo hata kwa vumbi la breki zisizo na asbesto.

Kwetu Tanzania, pa kuanzia ni ndoo. Fundi alowanishe breki kwa maji ya sabuni, afute kwa kitambaa kibichi, kisha akifunge kitambaa hicho ndani ya mfuko kabla ya kukitupa. Na wewe unayeosha gari nyumbani, acha rimu zipoe, zimwagie maji kwanza. Usizisugue zikiwa kavu.

Lakini fundi asiachiwe mzigo huu peke yake. Shirika la viwango, TBS, lipime pedi na liningi zinazouzwa madukani. Wakaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, wafike hadi gereji za chini ya miembe, waende kufundisha kabla ya kutoza faini. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, imzoeshe mwanafunzi kulowanisha kabla hajashika spana.

Ndoo ya maji ya sabuni haimshindi mwenye gereji aliyeweza kununua kompresa. Iwekwe leo, kijana yule angali na mapafu mazima.