Chembe Hushikwa na Nini?

Darasani twakariri sehemu za chembe hai kana kwamba kila chembe yaelea peke yake. Sivyo! Ukiacha zile za damu, chembe nyingi za mwili zisipopata pa kushika hufa.

Tazameni ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juu ya ngoma zetu kule Gishora. Chembe zake zimekufa zamani, lakini nyuzi za protini iitwayo kolajeni zingali imara, zapigwa fimbo zisipasuke. Ng'ombe alipokuwa hai, protini nyingine, fibronektini, iliunganisha nyuzi hizo na vishikizo vya chembe viitwavyo integrini.

Mimi nasema somo lianzie kwenye ngozi, siyo ubaoni. Kila mwanafunzi aivute kwa mikono yake kabla ya kuandika jina la kolajeni.