Kibarani: Hesabu mbovu zaweza kuwanyima wakazi haki

KWA miaka mingi, msafiri aliyeingia kisiwani Mombasa kupitia Makupa alilakiwa na moshi na uvundo wa jaa la Kibarani. Jaa hilo lilifungwa mwishoni mwa muongo uliopita na miti ikapandwa, lakini swali la wakazi halikuzikwa pamoja na taka: moshi ule uliwadhuru kwa kiasi gani?

Swali hilo halijibiwi kwa hasira wala kwa huruma. Hujibiwa kwa takwimu, na makosa ya takwimu katika makala za utafiti wa tiba ni mengi kuliko msomaji wa kawaida anavyodhani.

Kosa la kwanza ni kuhesabu wagonjwa bila kuwa na watu wa kuwalinganisha nao. Mtafiti akikuta watoto wengi wa Kibarani wakikohoa, hajathibitisha lolote juu ya moshi, maana watoto wa mitaa mingine ya mabanda nao hukohoa. Tena akiwahesabu waliofika zahanati pekee, amewaacha wazima waliobaki nyumbani.

Mfano mwema uko Mombasa kwenyewe. Katika mtaa wa Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilieneza sumu ya risasi, watafiti hawakutosheka na damu ya watoto wa hapo. Walipima pia watoto wa Bangladesh, mtaa mwingine wa mabanda. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 kuhusu watoto 130, wastani wa risasi ulikuwa mikrogramu 7.4 kwa desilita ya damu Owino Uhuru, na 3.7 Bangladesh. Bila ya mtaa wa pili, tarakimu ya kwanza ingekosa mizani.

Kosa la pili limo katika neno wastani. Chukua mfano wa watoto kumi: tisa wana kiwango cha 4 na mmoja ana 64. Wastani wa kawaida ni 10, kiwango ambacho hakuna hata mtoto mmoja aliye nacho. Ndiyo maana watafiti wa Owino Uhuru walitumia wastani wa kijiometri, ambao hauvutwi mno na vipimo vichache vya juu.

Kosa la tatu ni kutafuta mpaka upate. Kwa desturi, matokeo huhesabiwa kuwa na uzito iwapo bahati tupu ingeyaleta chini ya mara moja katika 20. Basi anayepima maradhi 20 atarajie moja kujitokeza kwa bahati tu, hata kama moshi hauna hatia. Akilitangaza hilo na kuyanyamazia 19, amepotosha.

La nne ndilo linalowaumiza wanyonge zaidi. Utafiti wa watu wachache ukikosa kuona tofauti, huandikwa kwamba madhara hayapo. Kutoona si ushahidi wa kutokuwepo. Pengine waliopimwa hawakutosha.

Uzito wa mambo haya ulidhihirika mahakamani. Mwaka 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi wa Owino Uhuru fidia ya Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, kabla ya Mahakama ya Juu kuirejesha Desemba 2024. Katika safari ndefu kama hiyo, kila tarakimu yenye ufa ni mlango kwa wakili wa upande wa pili.

Kinga yake si ghali. Mtakwimu aulizwe kabla ya sindano ya kwanza kuchomwa, si baada ya data kukusanywa. Swali kuu na idadi ya washiriki viamuliwe mapema, na kiasi cha shaka kichapishwe kando ya kila jibu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Afya ya Kibarani nayo yahitaji daftari, na liwe limeandikwa sawasawa.