Bei ya mbolea haiishii dukani

Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri jinsi vita vya Ukraine vilivyopandisha bei ya mbolea mwaka 2022, lakini umeishia kwenye bei ya dukani. Ruzuku ya mbolea ilipoanza hapa Tanzania Agosti mwaka ule, mfuko wa mbolea ya kupandia ya DAP wa kilo 50 uliokuwa umepita shilingi 120,000 ulishuka hadi 70,000. Hapo Serikali ilitusaidia kweli, asikudanganye mtu. Ila wakala wa mbolea ya ruzuku alikuwa Sikonge mjini, mkoani Tabora, nami nalima mahindi kijijini ndani ya msitu wa miombo. Nilipanda bodaboda, nikakuta mtandao umekata, namba yangu ya usajili wa ruzuku haisomi, nikalala huko. Jumlisha nauli, chakula na kubeba mfuko, hiyo si 70,000 tena, na mvua za Novemba hazikungojei. Nawe msomaji mwenzangu uliyeandika kwamba watu wa Tabora tunapata mbolea ya tumbaku kwa mkopo wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima: ile inakatwa kwenye malipo ya tumbaku, ukiimwaga kwenye mahindi unamaliza msimu na deni. Gharama ya safari si jambo jipya kwetu: enzi za misafara ya biashara bidhaa za pwani zilifika Unyanyembe, hapa Tabora, zikiwa ghali kwa ujira wa wapagazi na hongo za njiani. Leo reli na lami vipo, bado mzigo wa safari anaubeba mkulima. Mbolea iletwe kwenye maghala ya AMCOS vijijini kabla ya Oktoba kwisha, kwa kuwa tumbaku ikishauzwa maghala hayo yanakaa tupu.