Kazi Inayobaki Baada ya Kisu

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya hospitali huisha siku daktari aondoapo nyuzi. Jeraha limefumba, homa imetoka, basi mgonjwa na arudi nyumbani. Sisi twasema sivyo, hasa kwa mtu aliyekatwa mguu. Kwake kazi ndefu ndiyo kwanza yaanza, na mwenye kuishika kila siku ni mwuguzi aliyefundishwa kazi hiyo.

Kitshanga, katika Masisi, imeona majeraha kupita kiasi. Mwishoni mwa Februari 2013 mapigano yaliteketeza nyumba nyingi mjini. Tena Januari 2023 waasi wa M23 waliutwaa mji. Majeruhi wazito wa sehemu hizo, njia ikipitika, hupelekwa Goma kupitia Sake. Huko, katika hospitali ya CBCA Ndosho, wapasuaji wa Msalaba Mwekundu wa Kimataifa walianza kazi mwaka 2012. Na kituo cha Shirika la Umoja, papo hapo Goma, huwapatia waliokatwa miguu ya bandia.

Lakini si kila kigutu kiwezacho kuvaa mguu huo. Kilichovimba hakiingii, goti lililopinda likakakamaa halitembei. Kwa hiyo mwuguzi huanza mapema. Hufunga bendeji ya kunyumbuka, akikaza mwishoni mwa kigutu na kulegeza kadiri apandavyo, ili uvimbe ushuke na kigutu kipate umbo. Humlaza mgonjwa kifudifudi mara kadhaa kwa siku, nyonga inyoke. Humsikiliza pia aliapo usiku kwamba vidole vyamwuma, vidole ambavyo havipo tena. Huo si wazimu wala uchawi: ubongo na mishipa ya fahamu bado vyauhisi mguu uliokatwa.

Ni nani basi aiharibuye kazi hiyo? Mara nyingi ni jamaa wenyewe, kwa huruma. Mama aleta mto, auweka chini ya goti ili mwanawe astarehe; baada ya majuma machache goti halinyoki. Shangazi amkataza asiinuke, tena amlisha kana kwamba na mikono imekatwa!

Mwaka 1944 Dk. Ludwig Guttmann alifungua wadi ya askari waliovunjika uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Kabla ya hapo wengi wa namna hiyo walikufa kwa vidonda vya kulalia na maradhi ya figo. Yeye aliagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mikono ya wauguzi ndiyo iliyowageuza. Mwaka 1948 baadhi ya wagonjwa wa vita walishindana kurusha mishale wakiwa katika viti vya magurudumu.

Mgonjwa akiruhusiwa kurudi Kitshanga, jamaa mmoja na aende kwanza kwa mwuguzi, aifunge bendeji kwa mikono yake mwenyewe mbele yake. Kutazama tu hakutoshi. Aulize siku ya kurudi. Kwa mtoto neno hili ni zito zaidi, maana mfupa hukua na mguu wa bandia haukui. Kila jioni kigutu kioshwe kwa maji na sabuni, kikaushwe, kitazamwe pande zote. Wekundu usiotoweka ukionekana, mguu wa bandia usivaliwe mpaka mwuguzi aione ngozi hiyo.