Goma: Mashindano yana pesa, fundi wa tovuti analipwa ahadi

Tangazo ni lilelile kila mara. Linapita katika makundi ya WhatsApp ya vijana wa Goma, Bukavu na Uvira: jamii ya wachezaji wa mtandaoni inatafuta kijana anayejua kutengeneza tovuti. Awe na kompyuta yake, awe na mega zake, awe na moyo wa kujitolea. Kuhusu malipo, neno ni moja tu: faida itagawanywa jamii ikishakua.

Huo ni unyonyaji, hata kama unaletwa na rafiki wa mtaa mmoja.

Mwenye tangazo hilo hathubutu kwenda kwa muuza mega na kumwambia ampe giga kumi, watagawana faida. Hamwombi mwenye kibanda cha M-Pesa aache asilimia yake mpaka mashindano yajulikane. Kampuni inayokodisha seva inakata dola zake kila mwezi, na siku dola zisipoonekana, tovuti inazimwa. Hao wote wanalipwa kwanza. Anayebaki na ahadi ni kijana wa Katindo au wa Ndosho aliyekesha usiku kucha akisubiri umeme urudi.

Tena pesa ipo. Tuseme wachezaji 64 wa Free Fire wanaingia mashindano, kila mmoja anatuma franka 2,000. Hizo ni franka 128,000. Wa kwanza akipewa 60,000 na wa pili 20,000, waandaaji wanabaki na 48,000 kwa wikendi moja. Mashindano manne kwa mwezi yanawaachia 192,000. Nani anahesabu majina, anapanga nani akutane na nani, anaonyesha matokeo? Ni tovuti. Nani aliitengeneza? Hapo hesabu inaishia, na watu wanaanza kuzungumzia moyo wa kujitolea.

Wengine watasema ni mchezo tu. Minecraft nayo ilikuwa mchezo tu wakati Msweden Markus Persson alipoanza kuuandika peke yake mwaka 2009. Mwaka 2014 Microsoft ilinunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5. Na hizi simu na mashini za kuchezea zina tantali inayotoka katika koltani, na machimbo ya Rubaya, kule Masisi, ni kati ya makubwa ya koltani duniani. Familia za Masisi zilizokimbia vita zinajua vizuri jinsi utajiri unavyopita mbele ya mlango wako bila kubisha hodi. Mtoto wa familia kama hiyo hastahili kuambiwa kwamba mchezo hauna pesa.

Kuna pia dharau inayotoka kwa kutojua kazi yenyewe. Wengi wanafikiri tovuti ni ukurasa wenye picha ya bunduki na maandishi yanayowaka. Lakini kila mchezaji anayejiandikisha anaacha jina, namba ya simu na nywila. Fundi anayejua kazi hahifadhi nywila wazi. Anazigeuza kwa njia ambayo hata yeye mwenyewe hawezi kuzisoma tena. Si jambo dogo. Mtoto wa miaka 14 anatumia nywila moja kwa mchezo na kwa barua pepe, na mara nyingine tarakimu zilezile ndizo za M-Pesa ya mama yake. Fundi anapaswa pia kupunguza uzito wa kurasa, kwa sababu wachezaji wa hapa wako kwenye simu na mega zinaisha upesi. Na usiku wa fainali, tovuti ikianguka, anapigiwa simu yeye. Anayetaka kazi hii bure atapata kazi ya bure, na namba za watoto zitatembea mjini.

Kwa familia zilizohama, jambo hili ni zito zaidi. Mabenki ya Goma yalifunga milango mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, M23 ilipoingia mjini. Bukavu ikafuata mwezi wa pili. Mwezi huohuo wa pili kambi kama Bulengo na Lushagala ziliondolewa watu, wengine wakarudi kwenye vijiji vilivyobaki kuta, wengine wakajibana kwa ndugu. Katika nyumba kama hiyo, kompyuta moja inaweza kuwa shamba la familia nzima. Wakubwa wetu walio Brussels au Montréal, wanaotafuta mafundi wa huku kwa sababu ni rahisi, wakumbuke hilo kabla ya kuomba kazi ya mwezi mzima kwa dola 30.

Waandaaji nao wana lalamiko lao: mafundi wengine wanachukua pesa ya mwanzo na kupotea. Ni kweli, na wanawaharibia wenzao soko. Lakini dawa yake inajulikana na kila fundi cherehani: pesa kidogo kabla ya kukata kitambaa, nyingine nguo ikionekana, ya mwisho siku ya kuichukua. Jina la tovuti liandikishwe kwa jamii yenyewe, si kwa fundi, na funguo zote zikabidhiwe siku ya malipo ya mwisho. Kazi ya kutunza tovuti baada ya hapo ina bei yake, kwa mwezi.

Na yote yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa WhatsApp. Sheria ya dijitali ya RDC ya tarehe 13 Machi 2023 inatambua maandishi ya kielektroniki. Hakuna atakayekimbilia mahakamani kwa dola 150, lakini aliyeandika huona haya kukana.

Wazazi, mtoto akisema amepata kazi ya tovuti, muulizeni ni kiasi gani, siku gani, kwenye namba gani, na nani anabeba asilimia ya kutoa pesa kwenye kibanda. Hiyo ya mwisho ni ya mwenye kazi. Dola 100 zilizokubaliwa zifike mkononi mwa fundi zikiwa 100.